Kichwa cha Jumatatu, Kiwiliwili cha Jumapili

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Asubuhi iliamka na ukungu mzito na manyunyu yasiyo na haraka, yale yanayomlowesha mtu asijue yalianzia wapi.

Mtu aliyeitwa Kobe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, kingine bado mguuni. Alikuwa amerudi alfajiri kutoka kazi nyingine, ambayo hapa haituhusu. Macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. Goti la kushoto lilikuwa limevimba. Alikuwa katikati ya kumshukuru Mola kwa kumrudisha salama, hajafika hata Amina, simu ikatetemeka.

Nokia ndogo nyeusi. Ile isiyopigwa na ndugu wala jirani.

"Kobe."

"Naam."

"Mgonjwa wa yadi amezirai tangu jana jioni. Akiamshwa, anaanguka tena."

"Wanazika lini?"

"Saa saba mchana."

"Niende na nguo gani?"

"Za fundi."

Simu ikakatika.

Mkewe alikuwa amegeukia ukutani, lakini hakuwa amelala. Wake wa watu wa kazi ile hawalali simu inapoita. Hufumba macho tu, kwa heshima.

"Tena?" aliuliza.

"Tena."

"Baba watoto, hata kiatu cha pili hujavua."

"Basi nimeokoa muda wa kukivaa."

Mkewe hakucheka. Alivuta shuka. "Mungu akutangulie," aliuambia ukuta. "Na ukirudi, uvue vyote viwili."

"Amina," alisema Kobe, na Amina hiyo aliihesabu pia kwa ile sala aliyoikatisha.

*

Alikwenda kwa Toyota Probox ya rangi ya vumbi, gari ambalo hakuna mtu anayekumbuka kuliona. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na begi la fundi: kompyuta ya ThinkPad, bisibisi, flashi ya kuwashia mashine zilizokufa, na diski ya akiba. Chini ya kiti, ndani ya kitambaa cha kufutia vioo, kulikuwa na Beretta. Sikioni alikuwa ametia kidude cha kusikilizia, kidogo kama punje ya mtama.

Ndani ya punje hiyo alikaa Bi Mkubwa.

Ndivyo majasusi walivyomwita mkuu wao wa operesheni. Walidhani hajui. Alijua, na alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo kwa sababu jina lenyewe lilimpendeza.

"Ni kontena la friji," alisema. "Mzigo wa kupita, unakwenda ng'ambo ya mpaka. Ndani ya kuta za friji kuna viwashio vya mabomu. Huko mbele kuna watu wanavingoja, na wameshachagua masoko ya kuvitumia."

"Si mlivunje tu mlitazame?"

"Lina lakiri ya nchi lilikotoka. Lakiri ya watu haivunjwi bila picha ya eksirei yenye mashaka. Jana lilipigwa picha hapo yadini. Kabla picha hazijatumwa makao makuu, kompyuta ikafa. Mwenye mzigo akakimbilia mahakamani. Hakimu kasema: picha iwe mezani kabla ya saa saba, la sivyo kontena liondoke."

"Mwenye mzigo ni nani?"

"Mgeni. Anajiita mfanyabiashara. Sisi tunamwita Miwani."

"Na fundi wao?"

"Binti mmoja. Polisi wameshaketi mlangoni kwake. Wanasema ndiye aliyeiua mashine."

"Ndiye?"

"Hilo si kazi yetu, Kobe. Kazi yetu ni picha."

Wiper zilifuta kioo, na kioo kikalowa tena. Kobe aliyajua mambo ya kompyuta kwa taabu. Alianza ukubwani, darasa la jioni, akikaa mstari wa nyuma kati ya vijana waliomwita babu na kumwazima chaja. Wenzake wa rika lake walijifunza kulenga shabaha wakaridhika. Yeye alijifunza vyote viwili, na hicho cha pili alijifunza kwa magoti, akimwomba Mungu ampe akili ya kukumbuka leo alichofundishwa jana.

*

Getini alisimamishwa na mlinzi wa kike, mrefu, koti la mvua limemfika vifundoni. Wote pale walimwita Afande.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kuamsha kompyuta."

"Wewe mwenyewe umeamka? Macho yako kama taa za breki."

"Nimekuja nayo hivyo hivyo, Afande. Nyumbani hawakuyataka."

Afande alicheka, akainua kizuizi.

Yadi ilikuwa uwanja mpana wa lami yenye madimbwi, makontena yamepangwa kama matofali. Lori lilikuwa tayari limeelekezwa getini, injini inanguruma, na kontena la bluu mgongoni mwake. Dereva alikuwa amelala kwenye usukani. Kando yake, chini ya mwavuli mweusi, alisimama mtu mwembamba aliyevaa miwani ya jua kwenye ukungu.

Mtu wa kwanza kumpokea Kobe alitanguliwa na harufu yake. Alikuwa meneja wa zamu, mnene, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Wafanyakazi walimwita Marashi.

"Karibu fundi, karibu sana! Tumechoka kweli kweli. Nimemwambia huyu binti, mama, kama umeharibu sema umeharibu, sisi ni binadamu. Hasemi!"

"Mashine iko wapi?"

"Huku, huku. Lakini nikuambie ukweli, kaka, hiyo imekwisha. Wewe andika tu imekwisha, unywe chai yako, urudi."

Mlangoni mwa chumba cha mashine aliketi sajini wa polisi, kofia gotini, anafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa akamate mtu kabla ya saa saba.

Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na boksi lililotandikwa sakafuni. Juu ya boksi aliketi binti wa miaka kama thelathini, suruali imelowa mpaka magotini, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Jina lake la yadini lilikuwa Dada Waya.

"Shikamoo baba," alisema bila kuinuka.

"Marahaba mwanangu. Umeanzia wapi?"

"Wanapoanzia mafundi wote. Umeme. Waya. Nikachomoa, nikapangusa, nikarudisha. Nikabadilisha betri ya ndani. Nikawasha kwa flashi, nikaipima diski, nzima kama yai. Basi nikairudisha kwenye nakala ya Jumapili. Haiwaki. Ya Jumamosi. Haiwaki. Ya Ijumaa…"

"Haiwaki."

"Baba, nimefika mahali naionea wivu. Mimi natafuta usingizi, yenyewe imeshaupata."

Kobe alivuta kiti cha plastiki kilichokuwapo. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umefungwa kwa waya. Aliketi kwa tahadhari, akabonyeza kitufe.

Nembo ikatokea. Ikapotea. Skrini ikawa nyeusi. Mistari mieupe ikateremka kama mchwa wanaokimbia moto, kisha yote ikasimama, na kistari kimoja kikabaki kinapepesa.

Alifumba macho. *Ee Mola, mimi nimechoka, Wewe huchoki. Nionyeshe.*

Alifumbua macho, akasoma mstari wa mwisho pole pole, neno kwa neno, kama alivyosoma zamani kwenye darasa la jioni.

Sasa msomaji aelewe jambo hili, maana ndilo lililobeba siku nzima. Nakala ya mfumo ni kumbukumbu ya kompyuta jinsi ilivyokuwa siku fulani, programu zake na mafaili yake. Mambo yakiharibika, fundi huirudisha kwenye siku hiyo, na yote yaliyotokea baadaye huwa kana kwamba hayakutokea. Lakini ipo sehemu ndogo ya diski, ya kuwashia, ambamo hukaa kiini cha mfumo. Hicho ndicho huamka kwanza, kisha huwaamsha wengine.

"Kiini kinaita vifaa vyake," alisema Kobe. "Kinaita, hakuna anayeitika. Kiini hiki ni cha lini?"

"Cha Jumatatu. Niliweka kipya jana asubuhi, makao makuu waliagiza."

"Na vifaa vilivyo kwenye nakala uliyorudisha?"

Dada Waya alifungua kinywa kujibu, akakiacha wazi.

"Vya Jumapili," alisema taratibu. "Mungu wangu. Kichwa cha Jumatatu, kiwiliwili cha Jumapili! Havijuani! Nakala zetu hazibebi sehemu ya kuwashia, mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga hivyo. Usiku kucha nimekaa hapa na sikuliona!"

"Usingizi ni mwizi, mwanangu. Huiba akili kwanza."

Alikwisha kuruka kutoka kwenye boksi. "Narudisha kiini cha zamani, iwake…"

"Subiri." Kobe aliinua kidole. "Hilo linaeleza kwa nini haiwaki tangu wewe ulipoirudisha nyuma. Jana jioni, kabla hujaigusa, kwa nini haikuwaka?"

Kiyoyozi kilivuma. Nje, lori lilinguruma.

"Kwa sababu," alisema Dada Waya, sauti imeshuka, "kuna mtu aliirudisha nyuma kabla yangu."

*

Waliwasha kwa flashi. Diski iliomba paswedi, Dada Waya akaiandika, mlango ukafunguka. Programu ya nakala ilikuwa na tabia moja njema: kabla ya kuirudisha mashine nyuma, ilihifadhi kwanza nakala ya hali iliyopo, mtu asije akajuta.

Na ilikuwapo pale. Jumatatu alasiri, kabla ya kurudishwa nyuma. Haikuguswa. Ilikuwa na kila picha iliyopigwa siku hiyo.

Pembeni yake kulikuwa na jina la mtumiaji aliyetoa amri.

Lilikuwa la Dada Waya.

"Si mimi!" Alirudi nyuma kama skrini imemwuma. "Baba, wallahi si mimi. Saa hiyo nilikuwa juu ya mlingoti. Kamera za yadi zilizimika zote, Meneja akanituma nikatazame waya. Na mvua hii! Muulize… hapana. Nilikuwa peke yangu."

"Nani anaijua paswedi yako?"

Binti alicheka kicheko kikavu. "Hapa? Hapa ukiajiriwa unapewa kitambulisho, unapewa buti, halafu unaitwa ofisini umwambie meneja wa zamu paswedi yako. Ukibadilisha, unaitwa tena. Eti ukiugua kazi isilale. Na mameneja nao wanazipeana zamu zikibadilika, kama funguo za choo."

Kobe alikuwa ameona mambo mengi, lakini hilo lilimfanya ajifute uso kwa kiganja.

Yote yalijipanga kichwani mwake bila furaha yoyote. Aliyefanya vile hakutaka kuiua mashine. Mashine iliyokufa huita mafundi, na mafundi huuliza maswali. Alitaka iwake kama kawaida, ila iwe imesahau Jumatatu. Na alitulia akafanya, bila kujua kwamba asubuhi ile ile kiini kipya kilikuwa kimewekwa. Alitulia kwa sababu, Kobe alijikuta akisema kwa sauti, siku za nyuma alipofanya hivyo, iliwaka.

"Siku za nyuma," alinong'ona Dada Waya, aliyekuwa akimtazama usoni. "Kwani kuna makontena mengine?"

Kobe alijisikia mzee.

Alichomeka diski yake ya akiba, akaanza kunakili ile nakala ya Jumatatu pamoja na sehemu ya kuwashia. Mstari wa kijani ulisogea kama konokono aliyeshiba. Punje sikioni ikakohoa.

"Kobe. Muda."

"Najua."

"Una jina?"

"Nina harufu."

Kunakili kulipokwisha, alimpa binti diski, akachukua moja ya redio zao za yadi, nyingine akamwachia. "Stoo kuna mashine nyingine ya aina hii?"

"Ipo, ya akiba."

"Nenda ukaiwashie huko. Kichwa cha Jumatatu, kiwiliwili cha Jumatatu. Ukimwona mtu njiani, unakwenda kutafuta waya."

Sajini alisimama mara tu mlango ulipofunguka. "Huyu haendi popote."

"Waya tu, Sajini, uko stoo," alisema Kobe.

"Basi naenda naye. Akitoroka nitaenda kujibu nini?"

"Nenda naye, ndugu yangu. Na umsaidie kubeba."

Kobe aliifunga diski tena, akaiacha flashi mahali pake, na mashine kwenye mlango ule wa kuomba paswedi. Akatoka mpaka barazani alipokuwa Marashi, akajinyoosha, akapiga miayo ambayo haikuwa ya kuigiza.

"Meneja, habari njema! Tumepata nakala ya Jumatatu. Ina kila kitu. Ngoja nikatie kitu tumboni, nikirudi tunaiwasha."

Tabasamu la Marashi halikuondoka. Liliganda tu.

"Ah! Alhamdulillahi," alisema. "Kula, kaka. Kula taratibu."

*

Chumba cha mashine kilikuwa na mlango wa nyuma, upande wa jenereta. Kobe alipita kwanza kwenye Probox, akaitia Beretta kiunoni chini ya shati, kisha akaingia kwa mlango huo, akajibanza nyuma ya kabati la seva.

Hewa ya moto ilimpuliza mgongoni. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mno, na kope zikaanza kushuka. Jasusi aliyewahi kulala darini siku mbili bila kusinzia sasa alijifinya paja kama mtoto kanisani.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha viatu.

Marashi alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akavuta kibodi. Diski iliomba paswedi. Hakufikiri. Hakutazama popote. Vidole viliruka juu ya herufi kama vya mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake, na diski ikafunguka.

Aliitafuta nakala ya Jumatatu. Akaiteua. Akafuta.

Akavuta pumzi ndefu.

"Paswedi ya binti wa watu umeizoea, bosi," alisema Kobe.

Marashi aligeuka akiwa na bastola ndogo aina ya Browning mkononi.

"Wewe ni fundi gani?"

"Aliyechoka. Nakuomba usinikimbize, goti linaniuma."

"Sogea mlangoni."

Kobe alisogea. Hatua moja, akichechemea. Ya pili, akaupiga teke ule mguu wa kiti uliofungwa kwa waya.

Kiti kikasalimu amri. Marashi akaenda chini na uzito wake wote. Bastola ikalia, risasi ikatoboa kiyoyozi, na maji baridi yakamwagika juu yao wote wawili. Kobe aliikanyaga Browning, akaipiga ikateleza chini ya kabati.

Lakini mtu mnene mwenye hofu ana mbio za swala. Marashi aliinuka, akampiga Kobe kikumbo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Nilimwomba," Kobe aliuambia ukuta, akamfuata.

*

Manyunyu yalikuwa yamekuwa mvua.

Marashi alikata katikati ya makontena, shati limemganda mwilini. Kobe alimfuata akichechemea, Beretta mkononi, akiwapungia wapagazi walale chini. Marashi alifika kwenye lori. Akamvuta dereva kwa mkanda, akamtupa kwenye dimbwi.

"Jamani! Nimefanya nini?" alilia dereva, aliyeamkia majini.

Lori likaruka mbele. Chini ya mwavuli, Miwani alitazama saa yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye Prado yake, bila haraka yoyote.

Kobe alichomoa kiunoni ile redio ya yadi, Motorola. "Geti! Funga!"

"Nina amri ya mahakama ya kulifungulia saa saba," Afande alijibu.

"Saa hizi saa ngapi?"

"Bado kidogo."

"Basi bado!"

"Mzee, nikilizuia bila picha, kesho mimi ndiye niliye mahakamani. Nipe picha!"

Kobe alibadilisha masafa. "Waya."

Mikwaruzo.

"Waya, unanisikia?"

"Nembo imetokea," alisema binti. "Imepotea. Ni nyeusi, baba. Ni nyeusi."

Lori lilikuwa linapita mizani. Kobe alisimama. Mapafu yaliwaka. Hakuwa na mbio zaidi, alikuwa na maneno tu, na hayo aliyaelekeza juu. *Ee Mola, si kwa ajili yangu. Kuna watu wako sokoni leo.*

"Mistari inashuka," ilisema redio. "Inashuka… haijasimama. Haijasimama! Imewaka! Jamani, imewaka!"

"Unaona nini?"

"Friji. Kuta zake… zimejaa vijiti, baba. Vimepangwa kama njiti za kiberiti."

"Irushe kwenye skrini ya geti."

Kibandani, Afande aliinua macho kwenye skrini. Hakuuliza swali la pili. Kizuizi cha chuma kikaanguka kwa kishindo.

Lori halikupunguza mwendo.

Kobe alipiga goti moja lamini, lile lisilouma. Akatoa pumzi. Akafyatua mara moja.

Tairi la mbele likapasuka. Lori likayumba, likapanda ukingo, likaegemea nguzo ya zege kwa ubavu, na kontena la bluu likabaki juu yake, zima, lakiri yake imening'inia kwenye mvua.

Walinzi walimtoa Marashi kupitia dirishani. Wengine walikwishauzingira mlango wa Prado.

"Nina wanasheria," alisema Miwani, akifuta matone kwenye miwani yake.

"Waambie waje na miavuli," alisema Afande, akamfunga pingu.

*

"Kazi nzuri, Kobe," alisema Bi Mkubwa sikioni. "Vijana wangu watafika kulipokea kontena. Ondoka sasa. Hukuwepo."

"Sikuwepo," alikubali Kobe.

Alifuta Beretta, akaitia kwenye kitambaa. Alikung'uta maji kwenye kofia. Alitembea kuelekea kwenye Probox kama fundi aliyemaliza kazi ndogo, akimpita dereva wa lori ambaye bado alikuwa ameketi kwenye dimbwi akiuliza alichofanya.

Nyuma yake alisikia sauti ya Marashi.

"Sajini! Mnanifunga mimi kwa nini? Nilikimbia kwa sababu mwendawazimu alikuwa ananifukuza na bunduki! Nani aliirudisha nyuma mashine jana? Jina la nani limo humo? Nani amefuta ile nakala leo? Tazameni paswedi ni ya nani! Mashine haisemi uongo!"

Kobe aliendelea kutembea.

"Ni kweli, dada," Sajini alimwambia Dada Waya, aliyekuja naye kutoka stoo, na sauti yake ilikuwa na aibu. "Mimi nilipewa jina lako. Mashine inasema wewe. Huyu atajibu ya lori, lakini ya mashine… lazima twende."

"Lakini leo nilikuwa na wewe stoo! Ulikuwa umeshika tochi!"

"Ya leo nitasema. Ya jana sikuwepo. Na jana ndiyo iliyo kwenye hati."

"Baba!" Sasa aliita kwa nguvu. "Fundi! Wewe si ulimwona?"

Mkono wa Kobe ulikuwa kwenye mlango wa gari.

"Usigeuke," alisema Bi Mkubwa. "Tutalishughulikia baadaye. Kwa barua, kimya kimya."

"Baadaye lini?"

"Baadaye."

Kobe aliijua baadaye ya ofisi yao. Haikuwa na kalenda. Binti angelala mahabusu mvua hii na nyingine, na wakili wa Marashi angesimama na kuuliza: aliyemwona meneja akiandika ile paswedi ni nani? Yuko wapi? Aje. Na hakuna mtu ambaye angekuja, kwa kuwa nyuma ya kabati hakukuwa na mtu. Ndivyo kazi yao ilivyokuwa. Watu wao hawakuonekana wakiingia, wala hawakubaki kuona nani ameachiwa mzigo.

Alikuwa amechoka. Hakuwahi kuchoka namna ile. Kitanda chake kilikuwa upande ule wa ukungu, na mtu wa kumvua kiatu. Alichotakiwa kufanya ni kuketi tu na kuwasha gari.

"Kobe. Ukisimama mahakamani uso wako utakuwa wa kila mtu. Kazi yako itakuwa imekwisha. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Mkubwa," alisema. Kwa mara ya kwanza alimwita hivyo mwenyewe akisikia.

Kobe alichomoa ile punje sikioni, akaiweka juu ya paa la Probox, kwenye mvua. Alirudi pale walipokuwa, akichechemea. Wapagazi walijisogeza kumpisha. Afande alitoka kibandani. Hata dereva alisimama ndani ya dimbwi lake.

Alivua kofia. Mvua ikamtiririka kwenye mvi.

"Sajini, mchukue kama ulivyoagizwa, lakini chukua na neno langu. Afande, nanyi ndugu zangu, sikilizeni, muwe mashahidi wangu. Leo nilikuwa nyuma ya kabati kwenye chumba kile, na nimemwona mtu huyu kwa macho yangu haya akiandika paswedi ya binti huyu kama anayeandika jina lake, akafuta nakala ya Jumatatu. Siku kesi hii itakapotajwa, hata iahirishwe mara ngapi, hata nikatazwe na nani, nitakuja. Nitasimama mbele ya hakimu, nitasema jina nililopewa na mama yangu, na nitasema nililoliona. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi nyote."